Kioo cha Kushoto

Jumapili, 10 Novemba 2024

Nimeamua. Nahama. Naandika hapa ili kesho nisijidanganye kwamba sikuamua.

Mkwe kapiga simu baada ya misa ya kwanza. Mjukuu wangu Recheli hali chakula vizuri. Shuleni haongei, mwalimu wake kamwita baba mtu mara mbili. Ana miaka minane, na mama yake ana miezi kumi na minne kaburini. Mkwe hakuniomba nije. Alisema tu kwamba kuna chumba kinapangishwa, nyumba ya tatu kutoka kwake, kina mlango wake na jiko lake. Nikasema nitakuja.

Nyumba ya tatu — kafanya hesabu vizuri. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwe wake. Hali naye, hakai naye kiti kimoja, hamtazami usoni. Watu wa Dar wanacheka. Wacheke. Mimi ni Mkatoliki, nimesoma, na bado siwezi. Miaka kumi na mmoja tangu Anselm amwoe Levina wangu, sijamtazama usoni ila siku ya arusi, na siku hiyo macho yalijaa machozi. Lakini kwenye simu! Kwenye simu tunaongea kama mtu na dada yake. Akiwa na njaa namjua kwa sauti. Akiwa amelia namjua.

Kigoma basi. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi, alikwenda Ujiji mara nne kwa miguu, na mzigo wa watu wengine begani. Mimi nimefika mara mbili. Recheli alipozaliwa, na mazishi.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepata tela.

Nilitaka Fuso kwanza. Mwenye Fuso kaviangalia vitu vyangu, kasema havijazi hata nusu, itabidi nisubiri mizigo ya wengine. Sisubiri mtu. Jirani yangu Bertila ndiye kanituma kwa Sabiri, yule wa duka la vifaa vya ujenzi hapa hapa Kanyenye, Tabora. Ana tela la magurudumu mawili, linaleta dagaa na mawese kutoka Kigoma. Kwenda linakwenda tupu, kwa hiyo kafurahi kupata mtu. Mkwe atakuja Jumamosi na pikapu yake, atalivuta. Tukifika, shemeji yake Sabiri atalipokea huko.

Linanuka dagaa. Nimelizunguka mara tatu. Nimekuwa karani wa mizani kwenye chama cha tumbaku miaka ishirini na sita, mzigo naujua kwa macho. Nimekagua bodi, turubai, chuma cha kuunganishia. Sabiri kaniambia vizito vyote vikae mbele ya ekseli na vyepesi nyuma, la sivyo tela litaipiga gari mkia hadi porini. Nikamwambia najua. Kasema wote waliopinduka walikuwa wanajua. Nimempenda kidogo kwa hilo.

Akasema tungoje dereva aje asaini. Nikasema leta, nasaini mimi. Ningefanyaje? Niingie dukani na mkwe wangu, tusimame bega kwa bega kwenye kaunta moja? Nimesaini. Nimefika nyumbani, nimevaa miwani, nimesoma karatasi. Mstari wa sita: aliyesaini ndiye atakayesafiri na tela mwanzo hadi mwisho, asimwachie mwingine.

Nimerudi dukani mbiombio. Sabiri hakubali kubadilisha. Kuna mtu alisaini akamwachia ndugu yake, tela likakutwa juu ya matofali, magurudumu hayapo. Nikamwambia mkwe wangu ni mwalimu wa useremala, mtu wa heshima. Kasema hana shida na heshima yake, ila hajui mlango wa nyumba yake, wangu anaujua. Baba yangu alinunua misumari kwa baba yake.

Kwa hiyo sifa yangu nzuri ndiyo imenifunga.

Haidhuru. Raymundi, mdogo wangu, anatoka Igalula kuja kunisindikiza. Pikapu ina siti moja ndefu. Mkwe kwenye usukani, Raymundi katikati, mimi dirishani. Raymundi ni mnene, Mungu kambariki. Ukuta mzuri.

Jumatano, 13 Novemba

Kufunga vitu siku nzima. Miaka kumi na tisa kwenye nyumba ya kupanga na bado nina sufuria sita zisizo na mifuniko. Nimempa Bertila meza na pipa. Kitanda nakwenda nacho. Jiwe la kusagia nakwenda nalo. Bertila kaniuliza Kigoma hakuna mashine za kusaga. Zipo. Hilo ni la mama yangu, kutoka Puge.

Kiganja kinauma.

Ijumaa, 15 Novemba

Raymundi ni mgonjwa. Malaria, katundikiwa dripu. Mkewe kapiga simu asubuhi, anaomba radhi kana kwamba yeye ndiye mbu.

Nimempigia Mkwe, nimemwambia tuahirishe. Haiwezekani. Ruhusa yake kazini inaisha Jumanne. Nikasema basi mimi nitapanda basi, yeye aje na tela peke yake, Sabiri hatajua. Kasema, Mama, umesaini. Kweli nimesaini. Sijawahi kuandika namba ya uongo kwenye karatasi, hata ile miaka wakubwa walipotaka mitumba ya tumbaku ipungue kilo. Sianzi leo.

Halafu akasema hivi, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa:

"Panda tu mbele, Mama. Mimi siku hizi nakuhesabu mama yangu mzazi."

Nikamshukuru. Nikakata simu. Nikakaa juu ya gunia la mchele nikalia.

Bertila kanikuta. Kasema hilo ni neno zuri, wangapi wanaambiwa hivyo na wakwe zao? Wengine mke akifa hawapigi hata simu. Najua. Najua ni zuri. Lakini mama mzazi si mkwe. Mama mzazi mtu anakaa naye, anakula naye, anamtazama. Mkwe ni mkwe kwa sababu kuna mtu katikati. Nikikaa naye siti moja, mimi na yeye tu, nimesema nini? Nimesema pale katikati hakuna mtu tena.

Bertila kasema, dada, hakuna mtu. Kasema ukwe unakufa na aliyeuleta. Kwao Wamoravian labda. Mimi sijamzika Levina mara ya kwanza vizuri, siwezi kumzika mara ya pili.

Baadaye karudi na kanga. Kasema funga hii kati yenu, ishia hapo, mtoto anakungoja.

Jumamosi, 16 Novemba

Mkwe kafika saa sita. Kasimama nje ya uzio, kanipa mgongo. Mimi nikasimama ndani ya mlango, nikampa mgongo. Kasema shikamoo Mama. Nikasema marahaba, pole na safari. Bertila kati yetu anasikiliza kama mkalimani.

Vijana wawili wa mtaani wamepakia. Mimi natoa amri dirishani, Mkwe anatoa amri barabarani, Bertila anazibeba. Kabati limelala chini, kitanda kimefunguliwa kikasimamishwa ubavuni, mchele na jiwe mbele. Wakati wa jiwe tulisema kwa pamoja, mimi ndani na yeye nje: "Mbele!" Bertila kacheka mpaka kashika ukuta. Nami nilitabasamu, yeye hakuona.

Anafunga kamba vizuri. Niliona mikono tu. Ile mikono ndiyo iliyotengeneza sanduku alilozikiwa Levina.

Analala nyumba ya wageni karibu na stesheni.

Jumapili, 17 Novemba

Misa. Nimeaga. Watu wamenishika mikono sana. Chumba kitupu kina mwangwi, sikuujua.

Jumatatu, 18 Novemba — Urambo, saa mbili na nusu asubuhi

Mkwe kaenda kuangalia kamba. Naandika haraka.

Tumeondoka alfajiri. Kanga ya Bertila imefungwa kuanzia mpini wa mlango wangu, ikapita juu, ikafika kwenye kioo cha ndani — namwona goti tu na mkono wa gia. Nilijisikia vizuri. Nikasema, Levina, umekaa hapo.

Hatujafika hata nje ya mji, Mkwe kapunguza mwendo. Kasema kwa heshima sana kwamba ana shida. Kanga inamziba kioo cha kushoto. Gari bila tela angeweza kuvumilia, lakini tela ni pana kuliko pikapu, upande wa kushoto haoni kitu. Hajui kama gurudumu liko barabarani au mtaroni. Nikafikiri atasema tuitoe. Hakusema. Alingoja.

Nikasema kioo mimi nakiona.

"Basi uwe unaniambia, Mama."

Hivyo ndivyo tulivyokuja. Yeye anauliza, "Kushoto vipi?" Mimi najibu: salama. Pikipiki inataka kupita. Salama. Umesogea sana, rudi kidogo. Ng'ombe. Salama. Usoke tulipita hivyo, mimi jicho langu halitoki kwenye kioo. Askari wa barabarani katuchungulia, kaona kanga, kadhani kuna mgonjwa, kasema poleni akaturuhusu.

Nikiri. Nimefurahi. Tangu nistaafu hakuna aliyehitaji macho yangu. Na yeye ana adabu — kila nikisema neno anasema asante. Nimewaza: Levina, ulichagua vizuri. Nimewaza tunaweza kuishi hivi, nyumba ya tatu, miaka na miaka.

Anarudi. Kamba ziko sawa.

Jumatatu, saa nane mchana — porini, mbele ya Kaliua

Niko juu ya tela. Nimekaa kwenye gunia, turubai nimelifungua kidogo kwa ajili ya kivuli. Miyombo pande zote. Simu haina mtandao. Mkwe hayupo. Nitaandika kama ilivyokuwa, sitajipendelea.

Tulipita Kaliua bila kusimama. Mbele kidogo barabara ikawa mbaya, tukapunguza mwendo. Aliuliza kushoto mara moja tu. Halafu akasema:

"Mama, kabla hatujafika. Nyumbani kuna mtu."

Nikadhani mgeni. Nikauliza mgeni gani.

"Anaitwa Elieth. Recheli anamjua."

Nikamwuliza tangu lini. Kasema tangu Agosti. Agosti! Simu ngapi tumepigiana tangu Agosti? Nilimwuliza hilo. Kasema angeniambia kwenye simu nisingekuja, na Recheli hawezi kungoja. Kasema Elieth ni mtu mwema, ndiye aliyetafuta kile chumba. Nyumba ya tatu. Kumbe kuna mwanamke mwingine alinihesabia nyumba.

Nikaelewa lile neno la mama mzazi. Hakudanganya, sauti ingemsaliti. Alikuwa anaandaa njia tu. Yule Elieth ana mama yake, ndiye atakayekuwa mkwe. Mimi nipande cheo niwe mama wa bure, nikae mbele, kanga ya nini tena.

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku ya mazishi. Siku ile nililia. Leo nilikauka.

Akauliza, "Kushoto vipi, Mama?"

Nilikuwa naangalia kioo. Sikuwa naangalia pengine popote. Niliona tairi la tela limelegea, tumbo limelala chini, linakanyaga kwa ubavu. Niliona. Miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kutazama na kusema ninachokiona. Nilifunga mdomo.

Akauliza tena. "Mama? Kushoto?"

Nikageuza kichwa dirishani.

Lilipasuka kwa mlio mkubwa. Tela likaenda kushoto, likaivuta pikapu, nikaona miti inakuja kwangu. Yeye hakufunga breki ghafla. Alishikilia usukani kwa mikono miwili, taratibu, taratibu, akiita jina la Bikira Maria, mpaka tukasimama gurudumu moja ukingoni mwa mtaro. Kanga ikawa imeanguka. Nilimwona uso. Ana mvi kwenye ndevu. Alikuwa amepauka, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama nimeumia.

Nikasema sijaumia. Nikaiokota kanga nikajifunika.

Akashuka, akazunguka, akaangalia. Akasema ni kosa lake, atakuwa alipita shimo wakati anaongea. Aliongea akiangalia chini. Tairi la akiba la pikapu halikuingia, matundu ya nati hayalingani. Tela lenyewe halina la akiba — mimi niliyezunguka mara tatu sikuuliza. Kalifungua tairi, kaweka mawe chini ya ekseli, kasimamisha lori linalokwenda Kaliua. Kaniachia maji yote. Hayo ni masaa mawili na nusu sasa.

Kama tungepinduka? Recheli angebaki na nani? Na Elieth. Hilo ndilo ninaloliwaza hapa, na linaniadhibu sawasawa. Nilikuwa tayari kumwacha mtoto yatima kwa sababu baba yake kapata mtu wa kumpikia. Hapana, sikuwa tayari. Nilinyamaza tu. Lakini mizani haijui ulitaka nini, inajua ulichoweka.

Levina mwanangu. Nimekukumbuka leo kuliko siku zote. Hukuwa katikati ya siti. Nilikufunga pale kwa kanga na pini mbili.

Ningekuwa mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, na mtoto wa miaka minane, ningekaa peke yangu mpaka lini? Sijui. Najua nisingemficha mama mkwe. Au ningemficha.

Sauti ya pikipiki.

Wamefika. Mkwe nyuma, tairi kalipakata. Kashuka mbali, hatua kama thelathini, kasimama upande ule wa barabara. Kanipa mgongo. Ijumaa aliniita mama mzazi na porini hapa kasimama kama siku ya kwanza alipokuja na washenga wake. Kamtuma mwenye bodaboda.

Jina lake Shaban, mtu mzima, ana kofia ya kufuma. Kasema shikamoo bibi. Kasema mkwe wako anakusalimu, anaomba ushuke kwenye tela apate kupiga jeki. Anaomba msamaha kwa lile shimo na kwa yote aliyosema. Na anasema kama moyo haupo, mimi nikurudishe Kaliua upande basi la Tabora, na vitu vyako yeye atavirudisha kwa mkono wake mpaka mlangoni, Sabiri atamwelewa.

Shaban kauliza, nyie si mlikuja gari moja? Mbona hasemi mwenyewe?

Nikamwambia huyo ni mkwe wangu. Kasema aa, akaelewa. Kashusha macho.

Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika. Anasubiri, anapangusa tangi kwa kitambaa. Mawingu yanajaa upande wa Tabora. Turubai lina matundu mawili, nilijua tangu Jumanne.

Kuhusu Kaliua sijamjibu.

Nimemwambia aende aseme hivi, neno kwa neno: hakuna shimo. Kushoto niliona. Uliniuliza mara mbili nikanyamaza.

Shaban kanitazama. Kauliza kama nina hakika nataka mkwe aambiwe hivyo. Nikamwambia nenda. Karudia maneno mara mbili asikosee, kisha kaondoka, anatembea polepole kama anayebeba kitu kinachomwagika.

Kafika. Anaongea. Mkwe kanipa mgongo vilevile, mkono mmoja juu ya tairi. Shaban kamaliza.

Mkwe hajageuka. Shaban ananitazama mimi.